Masharti ya Saa Nane Usiku

Nilianza kufundisha Mbinu za Utafiti mwaka 2004, enzi za chaki. Mwongozo wa kozi ulikuwa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini: jina la kozi, orodha ya mada, vitabu ambavyo maktaba ilikuwa na nakala moja moja, na mstari wa chini uliosema kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Hakuna aliyeusoma, na hakuna aliyedhurika. Sheria zenyewe nilikuwa nazo usoni. Nikikunja uso, simu zinarudi mifukoni. Mwanafunzi akitaka kuongezewa siku ananisubiri mlangoni, ananieleza, namtazama, tunamalizana hapo hapo.

Mwaka 2011 nikahamishiwa programu ya masafa. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam Julai 2009, na wakubwa wa vyuo wakaanza kuamini kwamba kozi nzima inaweza kukaa kwenye mfumo wa kompyuta. Kusoma kwa masafa hakukuwa kugeni nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, Profesa Geoffrey Mmari akiwa makamu mkuu wake wa kwanza, kikasomesha watu kwa moduli za karatasi na vituo vya mikoani. Kwa hiyo wa kuwaiga tulikuwa nao, isipokuwa katika jambo moja. Moduli ya karatasi haijibu maswali na hakuna anayeitarajia ijibu. Kwenye mtandao mwanafunzi wa Sumbawanga anaona kwamba mwalimu yuko hewani, na anataka kujua kwa nini amenyamaziwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa salamu. Simu inaingia ujumbe saa nne usiku: "Shikamoo Dokta." Basi. Hakuna jina, hakuna swali. Mwanafunzi ametulia upande wa pili anangoja marahaba, maana ndivyo alivyolelewa: humrukii mkubwa na shida zako kabla hajaitikia. Mimi naitikia asubuhi. Yeye yuko kazini, anaiona mchana, anaandika, "Habari za huko?" Najibu jioni. Swali lenyewe, kwamba faili halifunguki, linanifikia siku ya tatu, na asaimenti imeshafungwa. Ndipo nikaandika sharti la kwanza la maana maishani mwangu: "Salimu, taja jina na namba ya usajili, uliza, vyote katika ujumbe mmoja. Marahaba nimeshaitikia." Mzee mmoja wa idara yetu alipoisoma sentensi ya mwisho alicheka hadi akavua miwani, kisha akaniambia nimevunja adabu za watu. Nikamwambia, "Mzee wangu, salamu iko pale pale. Nimeiondolea foleni tu."

Kwa mwanafunzi mmoja nilikuwa naanza mimi. Alikuwa mstaafu wa jeshi, rika la baba yangu mdogo. "Shikamoo mzee," naandika. "Marahaba mwanangu. Sasa hiyo kazi ya Ijumaa, mwanangu, isogeze." Ana kwa ana ningemkatalia vipi? Nilimtumia kifungu kinachohusika bila kuongeza neno langu hata moja. Akakisoma, akajibu, "Amri ni amri," akaleta kazi Alhamisi.

Waliokuja kwetu walikuwa watu wazima wenye kazi zao: wauguzi, polisi, walimu wa sekondari, wahasibu wa halmashauri. Wengi waliamini kozi ya mtandaoni ni nyepesi, kitu cha kusoma ukiwa kwenye daladala. Utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu unahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza. Kozi yangu ilikuwa ya krediti 12, yaani saa 120. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 8 kila wiki. Hesabu hiyo niliiweka ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Muuguzi mmoja wa Newala akanipigia: "Mwalimu, mimi nina zamu za usiku na watoto watatu. Hizo saa nane naziweka wapi?" Tukaanza kuzitafuta pamoja kwenye simu, siku baada ya siku, Jumatatu mpaka Jumapili. Tukapata tano. Akapunguza kozi mbili kati ya alizojisajili, yangu akabaki nayo, akafaulu. Wapo wahadhiri wanaosema ukurasa kama ule unafukuza wanafunzi. Ni kweli unafukuza wachache, na unawafukuza wiki ya kwanza, kabla ada haijaliwa yote.

Saa ya kufunga kazi nayo ilinipa shida ambayo hakuna kitabu cha ufundishaji kilichonitayarisha kuipokea. Mfumo wetu wa Moodle, ukiuachia mipangilio yake, huweka mwisho wa kazi saa 00:00. Ukiandika Jumapili saa 00:00, kazi inafungwa Jumamosi inapoisha, na nusu ya darasa inakwenda kanisani asubuhi kwa amani, ikijua ina siku nzima mbele. Ukibadilisha ikawa 12:00, atatokea atakayeisoma kuwa saa kumi na mbili jioni, wala hana kosa, ndiyo saa ya nyumbani kwao. Siku hizi naandika: "Ijumaa, saa 2 usiku, kwenye mfumo utaona 20:00." Nilichagua saa 2 usiku kwa sababu kijana wa kompyuta wa chuo bado anapokea simu saa hizo. Na kalenda nzima naipanga huku nikitazama maisha yao. Mwisho wa mwezi wahasibu hawashikiki. Novemba walimu wako kwenye usimamizi wa mtihani wa kidato cha nne. Idi inategemea mwezi kuandama, kwa hiyo sifungi kazi yoyote siku mbili kabla wala siku mbili baada ya tarehe inayotazamiwa.

Kifungu kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni cha kuchelewa. Kanuni ya chuo ilidai uthibitisho: cheti cha daktari, barua ya mwajiri, au karatasi ya msiba. Watu wakawa wananitumia. Usiku mmoja, saa nane, simu yangu iliingia picha ya kibali cha mazishi. Kimewekwa juu ya mkeka, kona moja imekunjwa, na pembeni kinaonekana kidole gumba cha anayepiga picha. Marehemu alikuwa na umri wa miezi kumi na moja, na ubini wake ndio uleule wa mwanafunzi wangu. Chini ya picha ameandika: "Samahani Dokta kwa usumbufu, naomba mpaka Jumatatu." Nilipoamka, kazi ilikuwa imeshafungwa na mfumo umeshamwekea sifuri.

Nilimfungulia. Lakini tangu siku ile sikutaka tena kukagua vibali vya mazishi, kazi ambayo sikuisomea na hakuna aliyenilipa kuifanya. Tena katika darasa hilohilo alikuwepo kijana aliyefiwa na bibi kila muhula, na karatasi zake zilikuwa safi, zina mihuri yote. Mwongo alikuwa na hati nzuri kuliko mfiwa.

Nilichokiandika badala yake ni hiki: kila mwanafunzi ana saa 72 za akiba kwa muhula mzima. Anaweza kuzitumia kwa kazi yoyote, zote kwa mkupuo au vipande vipande, bila kutoa sababu. Anachotakiwa ni kunitumia maneno mawili, "Natumia 24." Zikiisha, kila siku ya kuchelewa inakata asilimia 5 ya alama, na baada ya wiki mlango unafungwa. Ugonjwa mrefu, uzazi na msiba wa nyumbani vinakwenda kwa mshauri wa wanafunzi, ambaye amesomea kusikiliza watu.

"Dokta, unawalea," mkuu wa idara aliniambia kikaoni. "Watazimaliza wiki ya kwanza." Ilikuwa kinyume. Walizibania. Walikuwa wanazitunza kwa ajili ya balaa lisilojulikana, na wengi walifika mwisho wa muhula hawajagusa hata moja. Kisha likatokea ambalo mimi wala mkuu wa idara hatukulitarajia. Mwanafunzi mmoja aliuguliwa na mama, akiba yake ikaisha, na kiongozi wa darasa akanitumia orodha iliyopangwa vizuri kama daftari la michango ya msiba: fulani saa 6, fulani saa 12, fulani ameahidi 4 atathibitisha kesho. Walikuwa wamemchangia saa. Masharti yangu hayakuruhusu wala kukataza. Nilizipokea, na muhula uliofuata nikaongeza kifungu kwamba saa za akiba zinaweza kuchangwa, mradi mchangiaji abaki na zisizopungua 24. Naambiwa duniani wako wahadhiri wengi wenye siku za akiba kama hizi. Sijasikia wa pili mwenye kifungu cha michango.

Kuhusu bando sina mengi. Mhadhara wa video wa saa moja unakula mamia ya MB. Huohuo ukiwa sauti tupu, iliyobanwa vizuri, hauzidi kama MB 15, na mtu anaupakua usiku kwa bando la bei nafuu. Kwa hiyo ahadi iliyoandikwa ni yangu mimi: kila mhadhara utakuwa na sauti na maelezo ya kusoma. Kamera hailazimishwi. Sina haja ya kuona sebule za watu.

Tena ahadi zangu zote ziko ukurasa mmoja na za wanafunzi, safu kwa safu. Najibu ndani ya saa 48 siku za kazi. Kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 1 asubuhi sijibu, na aliyeuliza saa nane usiku asihesabu kuwa amenyamaziwa. Alama zinarudi ndani ya wiki mbili, na nikichelewa kusahihisha, kazi inayofuata inasogea kwa siku zilezile nilizochelewa. Kifungu hicho cha mwisho wenzangu walikiona wazimu. Wanafunzi walikiona kwanza kabla ya vyote, na wanahesabu siku zangu kuliko mhasibu wa halmashauri. Mimi nakipenda kwa sababu kinanikalisha mezani Jumamosi nikiwa na marundo yangu. Bila hicho ningekuwa msibani au harusini.

Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, waliokuwa wakituita watu wa masafa kwa mdomo wa pembeni walianza kubisha hodi. Wengine walitaka kujua namna ya kurekodi sauti. Nilikuwa nawauliza kwanza: mwanafunzi akikutafuta usiku wa manane utamfanyaje? Wengi hawakuwa wamelifikiria. Juni 1 vyuo vikafunguliwa na wengi wakarudi kwenye ubao wao, lakini masharti yangu yalibaki idarani, yakawa na kurasa sita. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikaniongezea aya moja: matokeo hayabandikwi tena kwenye grupu la WhatsApp, hata kwa namba za usajili, kwa sababu darasani kila mtu anajua namba ya kila mtu.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, Novemba, ikatoka ChatGPT, na kifungu changu cha kudesa kikazeeka mara moja. Kilikuwa kinazungumzia kunakili kazi ya mwenzako, au desa la mwaka jana linalopita mkono hadi mkono. Sasa nikapokea ripoti ya utafiti iliyoandikwa kwa ufasaha wa kutisha kuhusu wavuvi wa Mwaloni Kirumba, Mwanza, ambao, kwa mujibu wa ripoti, husubiri maji yakupwe ndipo wakokote mitumbwi. Nikampigia kijana. "Baba, ziwa lako linakupwa saa ngapi?" Kimya. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa jicho la mvuvi, na yeye ni mzaliwa wa Ilemela, Mwanza hukohuko.

Sikupiga marufuku. Mtu anayeandika Kiingereza, lugha yake ya nne au ya tano, baada ya zamu ya usiku ana haki ya kusaidiwa kunyoosha sentensi. Niliandika kwamba aliyetumia chombo aseme amekitumia wapi, na kwamba kila kazi kubwa inafuatiwa na maswali ya mdomo kwa simu, dakika kumi, nikipiga mimi ili salio liwe langu. Nauliza vitu vya kawaida. Ulimhoji nani wa kwanza? Alikuwa amekaa au amesimama? Dodoso lako swali la ngapi liliwachanganya? Aliyekwenda uwandani hunijibu mpaka nashindwa kumkatiza. Simu hizo zinanimalizia jioni zangu zote za wiki ya kumi na ya kumi na nne, na idara haijakubali kuzihesabu kama saa za kufundisha. Nimeshaandika barua kuhusu hilo. Nitaandika nyingine.

Mwaka jana mhadhiri wa chuo kingine aliomba nakala ya masharti yangu, nikampa kwa moyo mweupe. Muhula wao ulipoanza nikaanza kupokea ujumbe kutoka kwa watu nisiowajua, wanaosoma kozi nisiyoifundisha. Wote walikuwa na nidhamu ya ajabu: salamu, jina, namba ya usajili, swali, vyote pamoja. Kumbe mwenzangu alikuwa ameidesa hati yote kama ilivyo, kifungu cha kudesa kikiwemo, na namba yangu ya simu ameiacha palepale chini ya ukurasa. Nimemwandikia mara kadhaa aibadilishe. Anaitikia marahaba, namba haijatoka.