Dawa ya Bomba: Safari ya Makutupora

Tulitoka Dodoma mjini asubuhi kwa barabara ya Kondoa, tukaipita Msalato, mashamba ya zabibu yakaanza kuonekana. Nilikuwa sijawahi kufika Makutupora, ingawa maji yake nimeyanywa miaka mingi. Kina cha maji katika visima vya bonde hili kimepimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu zenye umri huo ni adimu barani Afrika. Zinaonyesha kuwa bonde halijazwi na kila mvua. Hulijaza mvua kubwa za nadra, kama zile za El Niño za 1997 na 1998.

"Mbukwenyi!" alitusalimu mzee mmoja aliyezeekea kwenye mitambo ya maji.

Nikamuuliza, "Mzee, maji haya yametoka chini kabisa ya ardhi. Mnayatia dawa ya nini tena?"

"Mwanangu, dawa si ya kisima. Ni ya bomba."

Neno hilo lilinikaa. Siku za mgao bomba hubaki tupu, na palipo na ufa hufyonza uchafu wa udongoni. Kwa hiyo haitoshi dawa iue vijidudu pale mtamboni. Lazima ibaki majini hadi mwisho wa mtaa. Ozoni huua kwa kasi lakini haibaki. Kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, hudumu sana ila huua polepole. Na jiji la Washington lilipohamia kwayo mwaka 2000, madini ya risasi yalianza kuyeyuka kutoka kwenye mabomba ya zamani na kuingia majini. Klorini dayoksaidi ina nguvu, lakini hutengenezwa papo hapo mtamboni, na huacha kloraiti, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 0.7 kwa lita. Bila maabara ya kuipima kila mara, mimi nisingethubutu kuitumia.

Klorini ya kawaida nayo ina lawama zake. Ikikutana na mabaki ya majani na mboji hutoa trihalomethani, kemikali zisizotakiwa. Hilo ni tatizo zaidi la maji ya mito na mabwawa. Maji ya visima virefu huwa na mboji kidogo. Tena kuipima klorini ni rahisi. Mzee alitia kidonge kwenye kichupa cha maji, yakageuka rangi ya waridi, akalinganisha na kadi. Bombani kwa mteja inatakiwa isipungue miligramu 0.2 kwa lita.

Kwa mji wa mgao, basi, nachagua klorini.

Lakini klorini hupungua kila saa maji yanapokaa, na kwenye simtanki lenye tope huisha upesi zaidi. Ndugu msomaji, osha simtanki lako, lifunike, na ukisikia harufu hafifu ya klorini kwenye maji ya bomba, usiyamwage.