Steringi Hafi

Aliyekulia Tanzania akaangalia muvi kwenye kibanda umiza, amebanwa kwenye benchi na joto la watu hamsini, anaijua sheria hii: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega. Anaweza kutumbukia mtoni tukadhani ndiyo basi. Wewe usiondoke tu, atarudi. Ndiyo maana tulipoangalia Commando ya 1985, Schwarzenegger anatembea wima katikati ya jeshi zima na hakuna risasi inayomgusa, hatukuona tatizo lolote. Adui hajui kulenga, ndiyo maana ni adui.

Msidhani ushamba huu ulikuwa wetu peke yetu. Kwenye riwaya ya David Morrell ya 1972 iliyozaa First Blood, Rambo anakufa. Hata filamu yenyewe ilipigwa na mwisho ambao anajiua, watazamaji wa majaribio huko Marekani wakaukataa, na Stallone akabaki hai hadi akatengenezewa muvi nyingine nne. Yaani Wamarekani nao walikaa kwenye viti vyao vya sponji wakadai kile kile tulichokuwa tunadai sisi juu ya benchi.

Kaka yangu ameishikilia sheria hiyo mpaka leo, na ana miaka arobaini na kitu. Kwake, filamu inayomuua steringi ni wizi wa kiingilio. Aliisamehe moja tu, Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010. Humo Kapteni mwenyewe anauawa mapema na filamu inaisha bila kutuambia nani kamuua. Lakini pale VJ Emmie anapiga kelele juu ya picha mwanzo mwisho, helikopta zinalipua jiji kwa moto wa kompyuta, na mtu anacheka hadi anasahau kudai haki yake.

Nikamletea Night of the Living Dead. Hapo hakucheka.

Kwa ambao hawajaiona (na hapa namaliza utamu wote, samahani): ni filamu ya George Romero ya 1968, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa Pennsylvania kwa pesa kiduchu. Maiti wanafufuka na kula watu. Watu saba wanajikuta ndani ya nyumba moja ya shamba. Anayeshika usukani ni Ben, ameigizwa na Duane Jones, Mmarekani mweusi, na katika filamu nzima hakuna anayetaja rangi yake. Ilisambaa mno kwa sababu wasambazaji walipobadilisha jina la filamu, alama ya hakimiliki ikaachwa nje. Kila mwenye uwezo akaikopi. Sisi tuliozoea kununua CD zenye muvi kumi kwenye diski moja tunaelewa vizuri filamu inavyopata umaarufu wa namna hiyo.

Mimi na kaka tulianza kugombana kabla hata haijafika mwisho. Mzee mmoja humo ndani, Harry Cooper, mkorofi, mwoga, mbinafsi, anang'ang'ania kwamba wote washuke kwenye chumba cha chini wafunge mlango. Ben anakataa: huko chini ni mtego, tubaki juu tupigilie mbao madirishani. Usiku mzima wanavutana. Mwishowe mbao zinang'oka, wenzake wote wanakufa, na Ben anapona kwa kujifungia wapi? Chumba cha chini.

"Kwa hiyo yule mzee alikuwa sahihi," nikasema.

"Sahihi wapi, mdogo wangu? Huko chini si ndiko alikokuwa mtoto aliyeng'atwa? Wangeshuka wote, angewatafuna wote."

Ana hoja. Bado nadhani Cooper alikuwa sahihi, na ninachoipendea filamu ni hicho: maneno ya akili ameyaweka mdomoni mwa mtu usiyetaka hata kukaa naye benchi moja.

Kunakucha. Kundi la wanaume wenye bunduki na mbwa linapita mashambani likimaliza mazombi, sherifu mbele. Ben anasikia milio, anapanda juu, anachungulia dirishani. Wanampiga risasi ya paji la uso. Hawakuita, hawakumuuliza jina. Kwao ni zombi mwingine wa kutupwa motoni.

Kaka akabaki ameshika rimoti. "Wamemuua steringi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Wakosoaji wengi hutaja kwamba Martin Luther King aliuawa Aprili mwaka ule ule na filamu ikatoka Oktoba. Ni kweli, na Mmarekani aliyekaa ukumbini wakati ule hakuhitaji kuelezwa. Mimi kilichonikaba ni kitu cha kazini kwangu. Baada ya risasi, filamu inaacha kutembea. Zinakuja picha za mnato, zenye chengachenga kama zilizochapwa gazetini: wanaume na kulabu zao za nyama, mwili wa Ben unaburutwa, unawekwa kwenye rundo la kuni. Magazeti yetu yana maneno ya picha kama hizo. Tunaandika "wananchi wenye hasira kali". Kijana kaitiwa mwizi, kapigwa, kachomwa, na aya ya mwisho inasema hakutambuliwa jina. Habari inakaa ukurasa wa ndani, sentimita chache, juu ya tangazo la viwanja. Romero alimfanya marehemu wa namna hiyo kuwa mtu tuliyekaa naye saa moja na nusu, tukajua anavyopigilia misumari, anavyokasirika, anavyokosea. Kisha akatuonyesha picha ya gazeti.

Kaka hajakubali. Amegundua ilirudiwa mwaka 1990, safari hii kwa rangi, na Tom Savini, na ameshaipakua akiamini huko Ben atatoka mzima. Mimi nimeshaiona. Nimemwambia akifika mwisho anipigie.