Gari la Marehemu Mwalimu



Msomaji anaweza kushangaa kukuta kabureta na breki katika jarida ambalo kwa kawaida humkaribisha kwa tafakari za Dominika. Tunaomba avumilie. Sisi mafrateri watatu wa falsafa, wote wa parokia moja ya Iringa mjini, likizo iliyopita tulitumia alasiri nyingi katika gereji moja ya jirani na kanisa, tukishika tochi, tukiosha spea kwa petroli na kubishana. Ubishi wenyewe ndio tunaotaka kuuleta hapa, kwa sababu ulihusu mambo tunayosoma darasani, na darasani hayajawahi kutuumiza kichwa kiasi kile.

Gari lilikuwa Toyota Corolla KE70 ya marehemu mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa pia katekista. Mwanawe wa miaka ishirini na miwili amelirithi. Lilikuwa limelala chini ya mwembe miaka minne, tairi zimekaa kwa rimu, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Kijana alitaka kulifufua, tena alitaka likifufuka liwe na mbio kuliko siku lilipotoka kiwandani.

Wasiolijua gari hili tuwaeleze kidogo. KE70 ni Corolla ya kizazi cha nne, kilichoanza kutoka mwaka 1979, zama ambazo saluni za Corolla bado zilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini yake, 4K, ina silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 1,290, na nguvu za farasi kama 60 hivi. Si injini ya kujivunia barabarani. Lakini ni mvumilivu, na fundi wa zamani anaifungua huku akiongea na wateja wengine. Kizazi kilichofuata kilianza kuhamishia nguvu magurudumu ya mbele, isipokuwa ndugu wachache waliobaki na utaratibu wa zamani. Mmoja wao ni AE86, iliyotengenezwa kuanzia 1983 hadi 1987 ikiwa na injini ya 4A-GE: sentimita za ujazo 1,587, valvu 16, na kamshafti mbili juu ya silinda hedi ambayo Toyota waliibuni kwa kushirikiana na Yamaha. Kwa hesabu ya Kijapani ya wakati ule ilitoa farasi 130. Kwa kuwa magari haya mawili ni ndugu, vijana wa nchi nyingi wamekuwa wakiitoa 4K na kuweka 4A-GE pamoja na giaboksi yake. Hesabu ni nyepesi: nguvu zaidi ya maradufu katika gari lisilofika tani moja.

Kijana wetu aliipata ndoto hiyo mahali wengine walipoipata, yaani katika Initial D, katuni ya Kijapani iliyoanza kuchapishwa mwaka 1995. Humo kijana anayepeleka tofu kwa AE86 ya baba yake anawashinda wenye magari ya gharama katika miteremko ya milima ya Gunma. Gari la baba, na mteremko. Mtu wa Iringa hahitaji kuelezwa zaidi. Mteremko anao: Kitonga.

Fundi mkuu, mzee wa jumuiya ndogo ndogo yetu, hakubishana na ndoto. Alichukua bisibisi akaanza kugonga bodi. Palipolia kama bati alipita. Palipolia kama ukuta wa udongo alisimama na kuweka alama ya chaki. Alama zilikuwa nyingi. Miaka kadhaa nyuma mtu alijaza puti kwenye matundu ya kutu, akapiga msasa, akapaka rangi, na gari likapendeza. Chini ya puti kutu iliendelea kula polepole, ikafika mahali shokapu za mbele zinaposhikizwa. Kazi ya kubandua, kukata na kuchomelea mabati mapya ilichukua wiki mbili, na baada ya wiki hizo mbili gari lilionekana baya kuliko tulivyolikuta. (Mlezi wetu mmoja angepata hapa mafungo mazima ya siku tatu. Tunamwachia.)

Kisha breki. KE70 hii ina diski nyembamba mbele na ngoma nyuma. Breki haili mwendo. Inaugeuza kuwa joto, na joto hilo lazima liende mahali. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nishati inayopaswa kumezwa na breki haiongezeki mara mbili bali mara nne. Katika mteremko mrefu diski nyembamba na ngoma hupata moto hadi pedi na shuu zinateleza badala ya kukamata. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Yakizeeka huchemka mapema, mvuke unaingia kwenye mabomba, na pedali inazama hadi sakafuni bila kitu kutokea. Mafuta tuliyoyatoa kwenye gari la mwalimu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Fundi aliyamimina kwenye kopo, akamwonyesha kijana, akanyamaza.

Hapo ndipo ubishi wa kwanza ulipozuka. Fedha za kijana, akiba ya mwaka mzima wa kuuza simu, zilitosha kitu kimoja: ama injini ya 4A-GE iliyotumika, ambayo dalali wa Gerezani kule Dar es Salaam alikuwa amemwahidi, ama masta silinda mpya, mipira na mabomba ya breki, diski nene zenye nafasi ya hewa katikati, bushi za mikono ya nyuma, boljoint na tairi nne. Rafiki zake walisema injini kwanza, hayo mengine yatakuja. Walishauri pia springi zikatwe kwa moto ili gari likae chini, na sailensa itolewe ili lisikike. Springi fundi alizikatalia palepale: moto wa gesi unaiharibu chuma cha springi, na gari lililokatwa springi huruka kwenye matuta badala ya kukaa. Kuhusu sailensa alisema tu kwamba yeye husali Misa ya kwanza, na kanisa lina madirisha.

Sisi tulisimama upande wa breki, na bado tuko hapo. Tunajua kuna wanaoona kuongeza nguvu gari la zamani ni upuuzi wa vijana wasio na kazi. Hatukubaliani nao. Anayeshinda siku nzima akitafuta kwa nini silinda ya tatu haichomi vizuri anajifunza uvumilivu, na anajifunza kwamba chuma hakidanganywi kwa maneno. Papa Yohane Paulo II katika Laborem Exercens ya mwaka 1981 alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya, na mikono ya kijana yule ilituonyesha hilo waziwazi kuliko mtihani wowote. Lakini kuna mpangilio wa kazi ambao ukiupindua unakuwa umeshaamua, bila kusema, nani atalipa. Gari lenye farasi 130 na breki za farasi 60 hulipiwa na mtoto wa shule anayevuka pale sokoni, ambako sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inasema bila kuzunguka kwamba wanaohatarisha maisha yao na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wana hatia kubwa. Ulevi na kasi vimewekwa pamoja. Tunahubiri sana juu ya cha kwanza. Juni 2007, Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani wenye amri kumi za madereva, na ya tano inakataza kulifanya gari kuwa kionyesho cha ubabe. Wengi walicheka wakati ule, eti Vatikani imekosa kazi. Waliocheka hawajawahi kuitwa usiku kwenda kusali penye lori lililopinduka.

Ubishi wa pili uliletwa na mama wa kijana, na huo hatujaumaliza. Alikuja alasiri moja na chai kwenye chupa na viazi vya kuchemsha. Alimsikiliza mwanawe akisifu injini mpya, kisha akatugeukia sisi.

“Wanangu mafrateri, ninyi si ndio mnasoma? Hebu mniambie. Mkishaitoa hiyo injini, nitajuaje kama ni gari la baba yenu linalopanda?”

“Mama, bodi si ni ileile,” kijana akasema.

“Bodi sikuwa naisikia.”

Alimaanisha sauti. Miaka yote mwalimu akirudi usiku kutoka vigangoni, mama aliitambua 4K ikipunguza gia chini ya kilima cha nyumbani, akainuka na kuinjika maji ya ugali. Yalipochemka mume alikuwa anafungua geti.

Mwanafunzi wa falsafa hapo hukimbilia meli ya Theseus, ile ya Plutarko, iliyobadilishwa mbao moja moja hadi watu wakaulizana kama bado ni ileile. Mmoja wetu alikimbilia huko. Mwingine akaleta Aristotle: kitanda kikizikwa na kikachipua, kitachipua mti, si kitanda, kwa kuwa ukitanda wake ulitoka kwa seremala. Mtakatifu Tomaso naye anasema umbo la kitu kilichotengenezwa ni umbo la juu juu tu, haliko katika kiini chake. Kwa hiyo ukitaka kujua gari ni la nini, huliulizi gari. Unamuuliza mwenye funguo. Hoja hiyo tuliiona nzuri mpaka tulipomtazama mama. Yeye hakuuliza kiini cha gari. Aliuliza kuhusu namna mtu anavyorudi nyumbani, na hilo halimo katika Fizikia ya Aristotle. Serikali ina jibu lake: kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini, ukibadilisha injini kadi nayo irekebishwe. Mama alisema hiyo ni ya trafiki.

Hatukukubaliana. Mmoja wetu anashikilia kwamba kumbukumbu ya marehemu inakaa katika sala na Misa, si katika pistoni, na kwamba kumzuia kijana kwa sauti ya injini ni kumfanya mlinzi wa makumbusho. Wawili tunaona kwamba Kanisa linaloheshimu masalia ya watakatifu lisiwe jepesi kusema chuma ni chuma. Kijana mwenyewe alikaa kimya muda mrefu, akisugua diski ambayo tayari ilikuwa safi.

Aliyepata njia ni fundi. Alikumbusha kwamba ukoo wa K una mdogo wake, 5K, wa sentimita za ujazo 1,486, uliofungwa katika magari ya LiteAce. Inakaa kwenye mikono ileile ya injini, inapokea giaboksi ileile, na kwa kuwa ni tumbo moja na 4K, mlio wake unafanana. Ikipata kabureta nzuri na bomba la moshi lililopangwa vizuri, gari jepesi kama hili litapanda mlima kwa heshima. Haifikii 4A-GE hata kidogo, na kijana alilisema hilo kwa sauti. Lakini aliuliza bei.

Akiba ikaenda kwenye breki. Tulipomaliza kutoa hewa kwenye mabomba, gari la mwalimu, na 4K yake iliyobadilishwa ringi tu, liliteremka hadi Ipogolo na kupanda tena mara sita. Kila mara fundi alishuka na kusogeza kiganja karibu na rimu. Usukani ulikuwa haupigi chenga tena. Kijana aliliweka kwenye kona tulivu kuliko tulivyotegemea, na akakiri kwamba hakuwa amejua gari lake linaweza kupinda hivyo.

Kitonga hajaacha kuitaja. Tulimwambia tunachoamini: barabara za Gunma katika katuni huwa tupu usiku, ile yetu haina saa ya kuwa tupu. Ndiyo njia kuu ya malori ya Zambia, Malawi na Kongo. Yanashuka kwa gia ndogo, na yakiharibika yanasimama kwenye kona. Alisema anajua. Hatuna uhakika kama kujua kunatosha mtu akiwa na miaka ishirini na miwili na rafiki watatu kwenye gari.

Aliomba gari libarikiwe. Kitabu cha Baraka cha mwaka 1984 kina baraka ya vyombo vya usafiri, na maombi yake yanawahusu hasa wanaosafiri. Baba Paroko alikanyaga pedali ya breki mwenyewe, akauliza nani hupanda gari hili, akasema atalibariki Dominika baada ya Misa ya pili, ila mama awe amekaa ndani. Ikawa hivyo. Maji ya baraka yalimfikia mama dirishani, akafuta uso kwa kanga. Kisha kijana akawasha gari na kumpeleka nyumbani, taratibu mno, mpaka bajaji ikalipita.

Tumerudi seminarini. Juzi aliandika kwamba 5K imepatikana Makambako na anaiendea mwisho wa mwezi. 4K haitauzwa. Mama ameshaitengea nafasi stoo, kando ya magunia ya mahindi, na ameuliza kama inapaswa kufunikwa.