Inua Zulia Mwenyewe



Wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja, kila mmoja kwa wakati wake, kwa hiyo nawajibu wote hapa. Mtu aliyeokoka akiuza kitu kilichotumika, ni lazima aseme kasoro ambayo mnunuzi mwenyewe hajaiona? Wa kwanza anauza pikipiki. Wa pili anauza friji. Wa tatu aliniambia tu, "Ni kitu fulani, Pasta," nami sikumchimba.

Sitajibu kwa friji. Nitajibu kwa gari, tena gari la wazi, lile la kukunja paa. Mwenyewe ni mama mjane wa hapa Buruburu, na amenikubalia niisimulie habari hii mradi nisimtaje jina.

Gari lenyewe ni Morris Minor ya miaka ya 1960. Kama ulizaliwa juzi, waulize wazee. Ni kagari kafupi ka mviringo, taa zake kama macho ya mtoto aliyeshtuliwa. Lilibuniwa na Alec Issigonis huko Uingereza, likaonyeshwa London mwaka 1948, na hadi lilipokomeshwa yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 1.6. Mengi yalikuwa na paa la chuma. Machache yalitoka kiwandani na paa la turubai, na hayo yakaachwa kutengenezwa mwaka 1969. Sasa unaelewa kwa nini mkusanyaji wa magari ya kale akisikia kuna Morris Minor ya wazi Eastlands, anaacha chai mezani.

Tena si pesa za mchezo. Sheria yetu hairuhusu gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8 kuingia nchini hivi hivi, kwa hiyo gari la kale ambalo tayari liko hapa, na namba yake ile ya zamani isiyo na herufi mwishoni, halipatikani lingine kirahisi. Halafu kuna Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambayo klabu ya wenye Alfa Romeo imekuwa ikiiandaa tangu 1970. Magari hupangwa, na waamuzi hukagua bodi, injini, viti, hata uvungu. Nilienda mara moja. Nilimwona mtu mzima na heshima zake amepiga magoti anachungulia chini ya gari, nikawaza, laiti tungepiga magoti hivyo kwenye kesha la Ijumaa.

Mzee, marehemu, alikuwa karani wa reli. Alilinunua mwishoni mwa miaka ya 1970 likiwa tayari halina paa la chuma. Jumapili alikuwa anawapakia watoto kwenda kanisani, upepo wa Jogoo Road unavuruga nywele ambazo mama alikuwa amezichana saa nzima. Mama anakumbuka jambo lingine. Wakikaa wanne ndani, mlango wa kushoto ulikuwa unakwama. Mzee alikuwa anazunguka, anauinua kidogo kwa goti, unafunguka. Hilo la mlango lishike, tutalirudia.

Mzee alipofariki gari lilikaa chini ya turubai miaka mingi, paka wakizalia humo. Mjukuu alipopata nafasi KMTC kusomea uuguzi, mama akasema liuzwe. Kijana mmoja wa kanisa letu, fundi wa bodi kule Kariobangi Light Industries, akamwambia, "Shosho, usiliuze kama chuma chakavu. Nipe nilitengeneze, utanilipa likiuzwa." Alilifanyia kazi miezi 14, jioni na sikukuu. Vipande vya bodi alivikata na kuvikunja mwenyewe. Vipuri vingine alivitafuta Kirinyaga Road, vingine vikaagizwa Uingereza, ambako mpaka leo vinatengenezwa vipya. Paa la turubai lilishonwa na fundi wa viti vya matatu, na kama hungeambiwa usingejua.

Muda huohuo mama alikuwa anashughulikia karatasi. Niruhusu nisimame hapa kidogo, kwa sababu wengi wenu mnaumia hapa. Logibuku ilikuwa kwa jina la marehemu, imehifadhiwa ndani ya mkebe wa Kimbo juu ya kabati. Nilicheka nilipouona mkebe, nikamkumbuka Yeremia, sura ya 32. Nabii ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, mbele ya mashahidi, halafu anaagiza hati ziwekwe kwenye chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Chombo cha udongo cha Buruburu ni mkebe wa Kimbo.

Lakini gari la marehemu haliuzwi kwa mkebe. Kuwa mke wake tu hakukupi mamlaka ya kuliuza. Unaanza na cheti cha kifo na barua ya chifu, unaenda mahakamani, tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Ukishapewa usimamizi wa mali, kwa kawaida miezi 6 inapita ndipo korti inathibitisha. Hapo ndipo unaingia eCitizen kufanya uhamisho wa NTSA. Mpwa wa marehemu alisema huko ni kupoteza wakati, waandikishane tu karatasi na mnunuzi yaishe. Mama akakataa. Alisubiri. Kama kuna kitu kimoja cha kumwiga katika habari hii yote, mimi naanza na huko kusubiri.

Sasa. Fundi alipokwangua rangi yote, alinipigia simu. "Pasta, njoo uone kitu, lakini usije na Shosho."

Alinionyesha alama za msumeno, zimezibwa kwa fila ya bodi na kupakwa rangi juu. Akafungua boneti akanionyesha kibati cha namba. Morris Minor ya wazi iliyotoka kiwandani ikiwa hivyo, namba yake huanza na MAT. Hii ilianza na MA2S, yaani saluni ya milango miwili. Kuna mtu, kabla ya marehemu, aliyechukua saluni ya kawaida akaikata paa.

Na shida si jina tu. Gari hili halina fremu ya pekee chini. Bodi ndiyo mifupa yake, na paa ni sehemu ya hiyo mifupa. Kiwanda kilipotengeneza la wazi kiliongeza vyuma vya kuimarisha. Huyu aliyekata hakuongeza chochote. Ndiyo maana mlango ulikuwa unakwama. Gari lilikuwa linajikunja katikati, polepole, miaka yote ile, watoto wakiwa ndani wanaimba pambio.

Fundi akachomelea vyuma, kazi ya kuaminika, akatandika zulia jipya juu yake. Gari likawa salama. La kiwandani halikuwa, wala haliwezi kuwa. Tulipomwambia mama alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama mzee alijua. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Siku mbili kabla ya wanunuzi kuja, yule mpwa alinivuta kando. "Pasta, wewe omba tu wasiinue zulia."

Mpendwa, katika huduma hii nimeombwa maombi ya kila aina. Nimeombea visa. Nimeombea kuku wa mtu. Hilo sikuliombea.

Lakini nimtendee haki, kwa sababu hakuwa anaropoka. Aliniambia, hawa ni watu wa Karen na Muthaiga. Wakija huku wanapunguza bei kwa sababu tu ni Eastlands. Gari hilihili lingekuwa limeegeshwa kwao, wangelipa bila kuuliza maswali. Laki tatu kwao ni sherehe moja. Kwa Anti ni karo. Tena kama wao ndio wajuzi wa magari, si waangalie wenyewe? Macho si wanayo?

Nilimwambia ni kweli, wanunuzi nao hudanganya. Soma Mithali 20 mstari wa 14, utamkuta mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya muuzaji, halafu akishaondoka anajisifu kwa bei aliyopata. Biblia inaijua Gikomba. Lakini Kumbukumbu la Torati 25 inapokataza mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja kubwa na moja dogo, haisemi unaweza kutoa lile la pili ukikutana na tajiri. Na ukimwomba Mungu amfumbe mtu macho ili ule pesa yake, umemfanya Mungu kuwa broka wako.

Halafu nikamwambia neno la fundi mwenyewe, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mtu akinunua akidhani ni la kiwandani, siku moja atataka kulirudisha lilivyokuwa. Fundi wake atavikuta vile vyuma, ataona si vya hapo, atavitoa. Nani atakuwa amekaa kiti cha nyuma siku hiyo?

Jumamosi mama alipanga viti pale maegesho, akaweka chai na mandazi. Wanunuzi walikuwa wawili, kila mmoja kwa saa yake. Wa kwanza alikuja na broka, na broka akaanza kazi ya Mithali 20 palepale: rangi siyo, tairi siyo, vumbi la huku linaharibu. Mwenye pesa mwenyewe alikuwa kimya, anapapasa usukani. Ilionekana wazi ameshalipenda. Kabla hajataja bei, mama akainuka, akafungua mlango, akainua zulia kwa mkono wake mwenyewe. "Mwanangu, angalia hapa. Hili lilikatwa paa kabla hatujalinunua. Kijana huyu amelifunga vyuma. Namba iko pale mbele, isome."

Akaisoma. Akafunga boneti taratibu, akashukuru kwa chai, akaenda. Baadaye broka alimwambia fundi kwamba bosi wake alikuwa tayari kutoa laki tisa.

Wa pili alikuja jioni, naye akaonyeshwa zulia. Alilala chini kwenye simiti akakagua kazi ya kuchomelea kwa tochi ya simu, akainuka na mafuta kwenye shati. Akasema anatafuta gari la kuendesha, si la mashindano, akatoa laki tano na nusu. Mama akaomba sita. Wakavutana, mandazi yakaisha, wakakutana kwenye laki tano na elfu themanini. Makubaliano yaliandikwa, na habari ya paa ikaandikwa humo pamoja na namba ya gari na vile vyuma. Mimi na fundi tukatia sahihi kama mashahidi, jinsi Ibrahimu alivyolinunua lile shamba lenye pango la Makpela kwa shekeli 400, langoni, mbele ya watu wote.

Najua mnachongojea. Mnangoja niseme wiki iliyofuata yule wa kwanza alirudi na milioni. Hakurudi. Laki tatu na ushee zilienda, na zilienda kabisa. Fundi alikubali kulipwa pungufu ya walivyopatana. Mjukuu amelipiwa sehemu ya karo, si yote, na baadhi yenu mnajua kwa sababu mmeshaanza kuchanga. Mpwa hajarudi kanisani tangu siku ile. Kama unasoma hapa, ndugu yangu, hasira yako naielewa, na kiti chako hakijapewa mtu.

Wewe wa pikipiki, sema ilianguka. Wewe wa friji, sema iliongezwa gesi. Wewe wa tatu, nipigie simu kwanza nijue ni kitu gani.

Na kama kuna gari la marehemu limelala nyuma ya nyumba yenu, Alhamisi hii baada ya maombi ya jioni dada yetu aliye wakili ataketi nasi pale kanisani kueleza mambo ya mahakama, bila malipo. Njoo na cheti cha kifo, barua ya chifu na logibuku, hata kama imeliwa na panya pembeni. Mje mapema, viti ni vichache.