Skrini isiyolala inamwangazia nani?

Nimepotea kidogo, najua. Kazi zilinizidi, halafu stima ya huku Uthiru ikawa inakuja na kwenda inavyojisikia. Lakini kuna jambo limenikera kwa wiki kadhaa na leo nataka kulimaliza. Nazungumzia simu ambazo skrini yake haizimiki. Unaifunga, unaiweka mezani, na bado saa inaonekana, tarehe inaonekana, asilimia za betri zinaonekana, na ujumbe ukiingia unaonekana pia. Je, kitu hiki kina faida yoyote, au ni urembo wa kumtoa mtu pesa dukani?

Aliyeniuzia simu yangu pale Moi Avenue alikitaja kabla ya kamera. "Boss, hii haizimi kabisa," alisema, kana kwamba tatizo langu maishani lilikuwa kuwasha simu.

Kwanza tuweke historia sawa, maana wengi hudhani ni uvumbuzi wa juzi. Nokia walikuwa na saa isiyozimika kwenye N86 ya mwaka 2009, kisha kwenye N8 ya mwaka 2010. Motorola wakaja na jibu lao kwenye Moto X mwaka 2013. Mwaka 2016 LG G5 na Samsung Galaxy S7 zikakifanya kiwe cha kawaida kwa simu za bei kubwa. Apple walingoja hadi mwaka 2022, kwenye iPhone 14 Pro, na wakakitangaza kama mwezi mpya umeandama.

Sasa tuangalie kinavyofanya kazi. Skrini ya LCD ina taa yake nyuma. Ukitaka kuonyesha tarakimu nne za saa tu, taa hiyo lazima iwake, na betri inalia. Skrini ya OLED ni tofauti: kila pikseli hujitolea mwanga wake yenyewe. Pikseli ya rangi nyeusi ni pikseli iliyozimwa, haili kitu. Kwa hiyo saa nyeupe kwenye uwanja mweusi inawasha pikseli chache tu. Tena skrini mpya zinaweza kupunguza mwendo, badala ya kujichora upya mara 60 au 120 kwa sekunde zinajichora mara moja tu. Na kwa sababu pikseli za OLED huchakaa kwa kuwaka, programu huisogeza ile saa kidogo kidogo ili isiache alama mahali pamoja. Kiufundi, waliobuni wamefikiria vizuri. Sina ugomvi nao hapo.

Vipi kuhusu betri? Nilijipimia mwenyewe, kwa usiku sita, simu ikiwa mezani kwa saa nane bila kuguswa. Usiku wa skrini kuwa macho ilishuka karibu asilimia 8 au 9. Usiku wa skrini kulala ilishuka 2 au 3. Hiyo ni simu yangu tu, yako huenda ikawa tofauti. Kwa mtu mwenye stima ya uhakika, hasara hiyo si kitu. Lakini mnakumbuka Ijumaa ile ya tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani? Nilikuwa na asilimia 31 na sikujua stima itarudi lini. Kitu cha kwanza kuzima kilikuwa hiki. Kitu unachokizima kwanza mambo yakiharibika si kitu cha lazima.

Basi, hiyo ni hesabu ya betri, na mngeweza kuisoma popote. Iliyonikera ni hesabu nyingine.

Angalieni siku yangu. Asubuhi napanda matatu Uthiru, tunapita Kangemi, tunakwama Westlands, nashuka mjini. Simu iko wapi muda wote huo? Iko mfuko wa ndani wa koti, na zipu imefungwa. Ukikaa dirishani na simu mkononi, makanga mwenyewe atakuambia uifiche. Kutoka stendi hadi ofisini Kimathi Street sitoi simu hata mtu akinipigia mara tatu. Na simu ikiwa mfukoni, kihisio chake kinatambua giza na skrini inazima yenyewe, hata ile "isiyozimika". Kwa hiyo katikati ya Nairobi, kitu nilichokilipia kinalala fofofo.

Kinaamka wapi? Kinaamka pale tu ninapoweza kuweka simu mezani bila hofu. Nyumbani, ofisini, kwa Mama. Yaani kinaamka nikiwa na watu wangu. Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja, mpaka Jumapili moja kule Kinoo.

Tulikuwa kwa Mama. Chakula kimekwisha, chai imeletwa, na mjomba akaanza hotuba. Binamu yangu alikuwa amebakiwa na siku chache arudi chuoni na karo haijatimia. Mjomba akamwendea kila mtu kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mjomba, mwezi huu unisamehe. Niko chini kabisa, hata kodi ya nyumba sijalipa."

Ilikuwa kweli. Lakini simu yangu ilikuwa mezani, kati ya chupa ya chai na sahani ya mandazi, uso juu. Na mteja mmoja aliyekuwa amenizungusha tangu mwezi wa tatu akachagua dakika ileile kunilipa. Ujumbe wa M-Pesa ukajitandaza kwenye skrini: nimepokea shilingi 46,000, na salio langu jipya ni hili hapa.

Mjomba hakuhitaji hata kuinama. Alisoma, akanywa chai yake, akasema, "Mungu ni mwema."

Binamu zangu walicheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Tulipokuwa tukiosha vyombo aliniuliza polepole, "Kwani siku hizi unatuficha?" Nikamweleza habari ya mteja, miezi mitano ya kudai, kodi ya miezi miwili. Akanisikiliza. Sijui kama aliniamini. Nilituma elfu kumi pale pale, na mwenye nyumba akangoja tena. Elfu kumi zilinitoka, sawa, na karo ni karo. Kilichoniuma ni lile swali.

Nikiwa njiani kurudi nilijaribu kuilaumu simu. Lakini mimi ni mtu wa programu, na najua simu inafanya ilichoambiwa. Ujumbe wa M-Pesa ulizaliwa mwaka 2007, wakati simu nyingi zilikuwa za vibonye na kioo kilizima baada ya sekunde chache. Kuweka salio ndani ya ujumbe kulikuwa na maana: unajua ulichonacho bila kuuliza. Waliouandika walimwona msomaji mmoja, mwenye simu. Miaka ikapita, skrini zikakua, zikaachwa macho, na ujumbe uleule ukapata wasomaji wa meza nzima.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu kikanitoa jasho. Nina programu niliyoiandikia SACCO moja. Inamkumbusha mwanachama mkopo wake ukichelewa. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, sisi waandishi wa programu tunaamua arifa itaonekana vipi simu ikiwa imefungwa. Kuna ngazi tatu: ionekane yote kwa yeyote, ifichwe maneno iwapo mwenye simu amechagua kuficha ya siri, au isionekane kabisa. Ngazi ya kati ndiyo ya kawaida usipogusa kitu. Mimi niligusa. Wateja wangu walilalamika kwamba wanachama hawasomi vikumbusho, nikaweka ngazi ya kwanza, nikasahau. Kwa hiyo hata mwanachama aliyejali siri zake, akachagua kuficha ya siri kwenye mipangilio, arifa yangu ilimpita juu na kutangaza: jina, kiasi cha mkopo, siku alizochelewa.

Fikirieni mama anayeuza duka Kawangware, simu iko kaunta, wateja wamejipanga. Au mwalimu, simu iko juu ya meza ya darasa. Mimi nilisomwa mara moja na mjomba wangu. Wao nimewafanyia mara ngapi?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na sisi watengenezaji tunapenda kuitaja tukiuza kazi zetu. Tunafunga hifadhidata kwa kufuli tatu, halafu tunaitoa siri yenyewe mlangoni na kuibandika kwenye kioo.

Jumatatu nilifungua msimbo, nikabadilisha mstari mmoja. Sasa simu ikiwa imefungwa inasema tu "Una ujumbe kutoka SACCO yako." Ya ndani utayasoma ukiifungua. Wateja wangu walinung'unika, nikawasimulia habari za mandazi na mjomba, wakanyamaza.

Haya, jibu la swali langu. Je, skrini isiyolala inafaa? Saa inafaa. Ujumbe haufai. Simu yangu ya zamani, nayo ya OLED, nilimpa Mama. Huamka saa kumi usiku kumeza dawa, na haoni vizuri bila miwani. Saa kubwa inayong'aa kando ya kitanda inamsaidia, na asilimia sita za betri hazimsumbui kwa kuwa simu yake haitoki nyumbani siku nzima. Nimemwachia saa ikiwa macho na maneno yote nimeyaficha. Juzi aliniuliza kwa nini jumbe zake hazionekani mpaka afungue. Nikamwambia, "Mama, ni zako, si za wageni." Akanitazama, akacheka. Nadhani hapo ndipo aliponisamehe.

Yangu nimeizima kabisa. Nikitaka kujua saa naigusa, haichukui hata sekunde.

Nanyi, kabla hamjalala, fanyeni jambo moja. Fungueni mipangilio ya simu zenu, tafuteni sehemu ya arifa kwenye skrini iliyofungwa, na mfiche yaliyo ya siri. Ni dakika moja. Na kama unaandika programu, nenda ukaangalie mstari wako mmoja.

Stima imerudi, ngoja nikachaji. Alamsiki.