Miji ya Kale na Nchi Iliyo Chini ya Maji

Mtu akitazama picha za miji ya kale ya Ulaya hudhani kwamba miji ile imekaa tu kama milima, haikuguswa tangu ilipojengwa. Siku kumi tulizosafiri kwa gari la moshi, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili, kutoka Ubelgiji kupita Uholanzi hata Ujerumani, zilinionyesha kwamba sivyo.

Twalianza Brugge, mji wa Ubelgiji wenye mifereji mingi. Hapo kale ulikuwa mji mkubwa wa biashara ya sufu na nguo, kwa kuwa hori la bahari liitwalo Zwin lilileta majahazi karibu nao. Katika karne ya 15 hori lile likazidi kujaa mchanga na tope, na wafanya biashara wakahamia Antwerp. Brugge ukawa maskini, hata karne ya 19 ulihesabiwa miongoni mwa miji ya Ubelgiji yenye dhiki kubwa. Basi umaskini huo ndio uliouhifadhi, maana hapakuwa na fedha za kubomoa nyumba za kale na kujenga mpya. Leo wageni ni wengi mno, na bei ya kikombe cha kahawa katika uwanja wa soko yatisha. Naona mji umejilipia miaka yake ya njaa.

Katika uwanja huo pana mnara wa kengele wenye kimo cha mita 83. Vidato vyake ni 366, vyembamba na vya kuzunguka. Mke wangu alikaa chini kwa busara, watoto wakapanda mbio, nami nikawafuata nikihema. Lakini kilichonigusa zaidi kimo katika Kanisa la Bibi Yetu: sanamu ya marumaru ya Bikira Maria na Mtoto, kazi ya Michelangelo. Wafaransa waliichukua mwaka 1794, ikarudishwa. Mwaka 1944 askari wa Kijerumani waliichukua tena walipokuwa wakirudi nyuma, na mwaka uliofuata ikaonekana katika machimbo ya chumvi ya Altaussee, nchi ya Austria. Sasa imetulia mahali pake, wala asiyeambiwa hawezi kujua kwamba iliwahi kusafiri.

Huko Rotterdam, Uholanzi, binti yetu aliuliza mji wa kale uko wapi. Swali lake lilikuwa la haki. Tarehe 14 Mei 1940 ndege za Ujerumani ziliutupia mji ule mabomu, moyo wake wote ukateketea, na watu kama 80,000 wakakosa makao. Wenyeji hawakuurudisha kama ulivyokuwa, bali walijenga mji mpya wa barabara pana na majumba marefu. Kanisa la Mtakatifu Laurens, lililobaki kuta tu, walilitengeneza tena jiwe kwa jiwe.

Kutoka Rotterdam twalipanda mashua ya abiria hata Kinderdijk, na hapo ndipo nilipoelewa nchi ile. Vinu vya upepo 19, vingi vyao vya miaka ya 1738 hadi 1740, vimesimama kwa safu kando ya mifereji. Havikusaga nafaka. Kazi yake ilikuwa kuteka maji mashambani na kuyainua mpaka mtoni, kwa sababu mashamba yenyewe ni ya chini kuliko mto. Ukisimama malishoni kati ya ng'ombe waona merikebu ikipita juu ya tuta, juu ya kichwa chako. Siku hizi mitambo ndiyo inayoinua maji, lakini bado watu hukaa na jamaa zao ndani ya vinu kadhaa na kuvitunza. Twaliona nguo zimeanikwa chini ya mabawa yake makubwa.

Maji yale si mchezo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 dhoruba ilivunja matuta ya kusini magharibi, bahari ikaingia watu wakiwa wamelala, na Waholanzi 1,836 wakafa. Baada ya msiba huo walijenga maboma na malango makubwa ya kuzuia bahari, kazi iliyochukua zaidi ya miaka 40. Lango moja karibu na Rotterdam, lililomalizika mwaka 1997, lina mikono miwili ya chuma inayofunga mto mzima dhoruba inapokuja. Mwana wetu, ambaye minara ya makanisa ilikuwa imekwisha kumchosha, aliuliza maswali juu ya lango hilo mpaka tulipofika Ujerumani.

Köln twalikaa siku moja tu. Kanisa kuu lake lilianzwa mwaka 1248, kazi ikasimama kwa karne kadhaa, na likamalizika mwaka 1880. Minara yake yafikia mita 157. Katika vita vya pili lilipigwa mabomu mara nyingi lakini halikuanguka, ingawa mji uliolizunguka ulikuwa magofu. Twalikuta majukwaa ya mafundi upande mmoja wa ukuta, maana kanisa hilo lina waashi wake wa kudumu, na jiwe lililoliwa na mvua na moshi hutolewa, likachongwa jingine. Nilimwuliza mlinzi kazi itakwisha lini. Alicheka, akaniambia nirudi na wajukuu.