Maji Anamokulia Nungu



Wajukuu zangu wa Funguni, Malindi na Kizingo,

Umri umenifikisha pahala ambapo mtu hupanga anachokiacha. Nyumba na shamba vina warithi wake, na kadhi anajua namna ya kuvigawa. Bahari haimo kwenye mirathi ya mtu, ndiyo maana wosia huu nakuandikieni nyote. Mimi nilisomesha baiolojia mpaka nikastaafu, na kiumbe niliyependa kumsomesha ni nungu wa bahari, huyo wa miiba mnayemlaani mkimkanyaga maji yakitoka.

Siku za bamvua mtafuteni mmoja wa miiba mifupi, yule anayekaa kwenye majani ya bahari, mumgeuze taratibu. Vaeni glavu, maana wapo wafananao naye wenye sumu kali. Chini mtaona mdomo wenye meno matano yanayokutana katikati, na pembezoni vijiguu laini, vyembamba, vikipapasa kutafuta pa kushika. Huyo ni mtu mzima, ana gamba la chokaa, anavumilia mengi. Msiipime bahari kwa huyo.

Ipimeni kwa watoto wake. Nungu jike humwaga mayai majini, dume naye humwaga mbegu, vikutane humo humo. Yai ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Baada ya siku mbili tatu hupatikana kiluwiluwi mwenye mikono myembamba iliyoshikiliwa na vijiti vya chokaa. Huelea wiki kadhaa akila vijimea vya mwani tusivyoviona, ndipo atue mwambani na kugeuka nungu mdogo. Muda wote huo hana gamba. Shaba kidogo, zinki kidogo, au amonia itokayo kwenye maji ya vyoo inatosha kumharibu: mayai hayarutubiki au hugawanyika ovyo, mikono hutoka mifupi iliyopinda, wengine hawapati umbo kabisa. Kwa sababu hiyo maabara nyingi duniani hutumia mayai ya nungu kupimia usafi wa maji ya bahari. Hadubini ya skuli inaonyesha yote hayo.

Sasa shaba inatoka wapi? Nyingi inatoka mikononi mwetu. Rangi ya chini ya boti hutiwa shaba makusudi, ili mwani na chaza wasiote. Wazee wetu walipaka shahamu na chokaa. Sikwambieni mrudi huko, kazi ya sasa ina haraka zake. Lakini boti ikipandishwa pwani ikakwanguliwa, ule unga unaobaki mchangani huchukuliwa na maji yakijaa, na miongoni mwa wanaoupokea ni hao wasio na gamba. Oili chafu ya mashine nayo nimeona ikimwagwa papo hapo, mchana kweupe, na hakuna aliyekemea. Hili linaniuma.

Halafu mitaro. Maji machafu ya Mji Mkongwe yameishia baharini miaka mingi, na masika huongeza tope na maji baridi. Nungu hawezi kuirekebisha chumvi ya mwili wake. Maji yakipungua chumvi ghafla, naye hudhoofika. Tope hufunika ule mwani mgumu wa rangi ya waridi unaopaka mawe, ambao ni katika alama zinazowaita viluwiluwi watue. Utafiti uliofanywa miaka ya 1990 kwenye miamba ya karibu na mji wetu ulionyesha mwani huo hupungua kadiri unavyoukaribia mji, na fosfati ya maji machafu ilikutwa ikizuia ukuaji wake.

Mtanijibu: babu, mbona nungu wamejaa tele? Kweli, pengine huna pa kuweka mguu. Wamejaa kwa sababu tumewamaliza kikande na samaki wengine wanaowala. Kwa jirani zetu wa Kenya watafiti wamehesabu kwa miaka mingi, wakakuta miamba inayovuliwa ina nungu wengi kuliko ile ya hifadhi. Na mwani laini unaoneemeka kwa uchafu wa vyoo huwashibisha wakubwa. Wakizidi huguguna mwamba na kufyeka majani ya bahari. Wingi huo ni maradhi ya mwamba, asikudanganyeni mtu kuwa ni dalili ya maji safi.

Tena hao wakubwa wanaweza kuondoka kwa mara moja. Mwaka 1983 nungu weusi wa miiba mirefu walikufa karibu wote katika bahari ya Karibi, na miongo minne baadaye sehemu nyingi walikuwa bado hawajarudi kama zamani. Mwaka 2022 wakafa tena huko kwa kimelea kidogo mno. Vifo vya aina hiyo vikaonekana Bahari ya Sham, na mwaka 2023 kisiwani Réunion, ndani ya Bahari ya Hindi hii hii. Janga hilo likitufikia, watakaojaza nafasi ni viluwiluwi tu, na wao watategemea maji tutakayokuwa tumewawekea.

Basi haya ndiyo ninayokuusieni. Kikande akinaswa hai na mdogo, mrudisheni. Hadubini yangu ni yenu. Chukueni maji ya gatini na maji ya kisiwani Bawe, muwakuze humo viluwiluwi mlinganishe, na matokeo myapeleke kwa sheha na kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Daini bila kuchoka maji ya vyoo yasafishwe kabla hayajaingia baharini. Hilo litachukua miaka. La kutandika turubali chini ya boti kabla ya kuikwangua, na kuikusanya oili kwenye dumu, halihitaji serikali wala mfadhili: lianzeni kabla masika haya hayajaingia.